Wakati wa kukimbia, unafunga nini? Historia ya mzigo wa safari huku mashariki mwa Congo



Siku moja nilikuwa natoka kurekodi sauti za wakimbizi wa ndani. Mama mmoja aliyetoka upande wa Masisi akanishika mkono, akaniambia: "Muandishi, kila siku mnatuambia vita imefika wapi. Lakini hamtuambii tufunge nini." Nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nimelitafuta jibu hilo kwa wazee, kwenye vitabu vya historia, na katika maisha yangu mwenyewe. Leo ninawaletea nilichopata.

Nianze na nyumbani kwetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka na moto ukaingia ndani ya mji wa Goma. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 11. Mama hakulia wala hakukimbia ovyo. Alitandika kikwembe chini, akaweka sufuria moja, kisu, chumvi iliyofungwa katika kitambaa, unga, kipande cha sabuni na kiberiti. Akafunga. Kaka yangu akapewa bidoni ya lita 5 yenye maji, mimi nikapewa mkeka. Tukavuka mpaka kuingia Gisenyi pamoja na maelfu ya watu. Usiku ule tulilala juu ya mkeka, tukajifunika kikwembe, na asubuhi tukakunywa uji wenye chumvi.

Miaka 19 ilipita. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho jioni, mlima ukapasuka tena. Siku tano baadaye, viongozi wakaamuru mitaa mingi ya Goma ihame. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa baba wa nyumba. Nilibeba nini? Simu tatu, waya za kuchajia, radio, diplome zangu na viatu vizuri. Tulifika Sake tukiwa tumechoka, watoto wana njaa, na hatukuwa na sufuria, hatukuwa na chumvi, hatukuwa na chombo cha maji. Jirani tusiyemjua ndiye aliyetuazima chungu chake. Nilipata haya. Mama yangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alijua kufunga mzigo kuniliko mimi.

Yeye alijifunza kwa koko, na koko alijifunza kwa wale waliomtangulia. Tufuate njia hiyo kwa nyuma.

Kambi, mzigo na posho

Maneno tunayotumia leo katika shida zetu si mapya. Kambi, mzigo, posho: yote matatu yalikuwa midomoni mwa wapagazi wa karne ya 19. Wakati ule misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na sehemu nyingine, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kando ya ziwa Tanganyika, ikavuka kwa mitumbwi na kuingia Maniema, hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Ndiyo njia iliyotuletea lugha hii ya Kiswahili. Ndiyo pia njia iliyoleta machozi mengi, kwa sababu pamoja na pembe za ndovu walipita watu waliofungwa minyororo. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona wafanyabiashara wakiwapiga watu risasi sokoni, wengi wao wakiwa wanawake. Historia hii hatuisomi kama hadithi tamu.

Lakini mpagazi mwenyewe alikuwa mtu wa kazi na mwenye ujuzi. Alibeba mzigo wa bwana wake, mara nyingi karibu kilo 30, na juu yake akaongeza mali yake ndogo: mkeka wa kulalia, kibuyu cha maji, kisu, chumvi kidogo, na ngata ya majani au kitambaa ya kuweka kichwani. Chungu kilikuwa cha kundi. Wapagazi waligawana katika makundi madogo. Kila kundi lilikuwa na chungu chake, likapika pamoja na kulala pamoja. Walipofika mahali pa kulala, wengine walikata matawi na majani kujenga vibanda, wengine walitafuta maji, wengine kuni. Posho yao ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku, au walipewa nguo na shanga za kubadilisha na chakula vijijini.

Mtaona hapo kitu cha kwanza. Hakuna aliyebeba kila kitu peke yake. Sufuria moja kwa familia tatu, panga moja kwa familia tano. Uzito uligawanywa. Leo ninaona kwenye barabara ya Sake kila nyumba inabeba sufuria nne, lakini hakuna hata moja yenye chombo cha maji chenye kifuniko.

Chumvi nayo ilikuwa na heshima yake. Chumvi ya Uvinza, ng'ambo ya Tanganyika, na chumvi ya Katwe, karibu na ziwa Edouard upande wa Uganda, zilisafiri mbali sana, zikabadilishwa na mbuzi, majembe na chakula. Aliyekuwa na chumvi katika mzigo wake alikuwa na feza. Mama yangu alipofunga chumvi kwanza, kabla ya unga, alikuwa akifuata desturi ya zamani kuliko mji wa Goma.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Ubelgiji ilipigana na Wajerumani huku kwetu, na tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 jeshi la Force Publique likaingia Tabora. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi. Congo ilitoa zaidi ya laki mbili, wengi kwa nguvu. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kwa njaa na kwa chakula ambacho tumbo lao halikukizoea. Walibeba mizigo ya wengine, lakini wao wenyewe hawakupewa nafasi ya kufunga wa kwao. Hiyo ndiyo tofauti kati ya msafiri na mtu anayesukumwa njiani. Na ninyi mliokimbia usiku mnaijua tofauti hiyo kuliko mimi.

Kutoka kibuyu hadi bidoni

Wazee wetu walibeba maji katika vibuyu na mitungi. Kibuyu ni chepesi, na tone dogo linalopita kwenye ngozi yake huyapoza maji. Lakini kibuyu kibichi ni kichungu, na uchungu ule ni sumu. Ndiyo maana kabla ya kukitumia walikikausha, wakakikwangua ndani, wakakijaza maji na kuyamwaga siku nyingi mpaka ladha chungu ikaisha. Kumbukeni hilo, nitalirudia: kitu cha asili si lazima kiwe salama. Usalama ulikuwa katika kazi ya mikono.

Leo kibuyu kimebaki kwa pombe ya ndizi na kwa maziwa. Mahali pake pamechukuliwa na bidoni ya njano, ile ya lita 20 iliyofika kwanza ikiwa na mafuta ya kupikia. Bidoni ni rafiki wa kila mkimbizi. Tatizo ni pale tunapopata bidoni bila kujua ilikuwa na nini. Iliyobeba mafuta ya kula inaoshwa na kubeba maji. Iliyobeba mazutu, petroli, au dawa ya kuua wadudu wa shamba, haifai kwa maji ya kunywa hata ukiiosha mara kumi. Plastiki inakunywa ile sumu na kuirudisha kidogo kidogo. Kama bidoni ina harufu, itumie kwa kazi nyingine, au iache.

Kwa nini ninasisitiza chombo cha maji? Kwa sababu ya mwaka 1994. Mwezi wa saba mwaka ule, kwa siku chache tu, wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Goma. Hesabu za wataalamu zinasema kati ya laki tano na laki nane. Walikaa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba choo ni kazi ngumu, na walichota maji ya ziwa bila kuyachemsha. Kipindupindu kikafika, kikifuatwa na kuhara damu. Katika mwezi mmoja, karibu watu elfu 50 wakafa. Wazee wa Goma bado wanakumbuka maiti zilizolazwa kando ya barabara, zimefungwa katika mikeka.

Kitu ambacho kingeokoa wengi ni kidogo: chombo safi chenye kifuniko, maji yaliyochemka, sabuni, na mchanganyiko wa sukari na chumvi. Ushikeni moyoni mchanganyiko huu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anayeharisha apewe kidogo kidogo wakati mnamtafutia muuguzi. Maji yaachwe yachemke kweli kweli. Kwenye sehemu za juu, zinazopita mita 2,000, yaendelee kuchemka kwa dakika 3.

Muhogo unaojua siri

Chakula cha safari cha wazee kilikuwa kikavu, chepesi, kisichooza haraka: mahindi ya kuchoma, maharagwe, karanga, ndagala na sambaza waliokaushwa juani, na muhogo. Kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa katika majani ya msituni na kupikwa kwa mvuke, unakaa siku kadhaa bila kuharibika. Jani ni mfuko, ni sahani, na ukilitupa linarudi kuwa udongo. Rwanda ilipokataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, wanawake wetu wanaovuka mpaka kila siku walirudia vikapu. Koko angecheka, yeye hakuwahi kuviacha.

Lakini muhogo una siri yake. Muhogo mchungu una sumu inayotoa sianidi. Wazee walijua. Waliuloweka siku tatu au nne mpaka ukalainika, wakaukausha, ndipo wakatwanga. Shida inakuja wakati wa vita na ukame, wakati watu wanakimbia au wana njaa. Wanaloweka siku moja tu, na wanakula ugali bila maharagwe wala samaki.

Mwaka 1938, daktari Mtaliano aitwaye Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona Kwango, magharibi mwa nchi yetu. Watoto na wanawake walikuwa wanaamka asubuhi miguu imekakamaa, na hawaponi tena. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo hauambukizi. Unatokana na muhogo mchungu ambao haukutengenezwa vizuri, ukiliwa muda mrefu bila chakula kingine cha kujenga mwili. Tangu vita zetu zilipoanza, konzo imeonekana hata Kivu ya Kusini.

Kwa mama aliye kambini, ambaye hana mahali pa kuloweka na amepewa unga asioujua ulivyotengenezwa, kuna njia iliyofundishwa huko Kwango na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake wa Congo. Changanya unga na maji, uutandaze juu ya mkeka uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uuache masaa 2 juani au masaa 5 kivulini. Sumu inapanda hewani. Halafu pika ugali siku ile ile. Njia hii haiombi pesa wala kuni; inaomba mkeka na subira.

Sabuni, pareto na makala

Mambo matatu ya mwisho, kila moja na historia yake.

Sabuni. Kabla ya viwanda, wanawake wetu walichoma maganda ya ndizi au sehemu za mchikichi, wakachuja majivu kwa maji, na maji yale makali wakayapika na mawese mpaka yakawa sabuni laini, nyeusi. Mwaka 1911, Mwingereza William Lever alipewa ardhi kubwa ya michikichi katika Congo ya Wabelgiji kwa ajili ya kiwanda chake cha sabuni, na mji wa Lusanga ukaitwa Leverville. Mawese yetu yalienda Ulaya kuosha mikono ya wengine, na waliopanda michikichi kuvuna matunda wengi walilazimishwa. Sabuni ya koko bado inaweza kutengenezwa, lakini maji yale ya majivu yanaunguza ngozi na macho. Yasikae karibu na watoto. Na kama kweli huna sabuni, majivu makavu ya jikoni pamoja na maji yanasaidia kusugua mikono baada ya choo.

Pareto. Wazee wa Masisi, Rutshuru na Lubero wanayakumbuka mashamba ya maua meupe yenye moyo wa njano. Ua hilo lilitoka Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatic. Wabelgiji walilipanda katika milima yetu kwa sababu linapenda baridi na udongo wa volkano. Likikaushwa na kusagwa, linaua mbu, chawa na viroboto, na jua linaivunja nguvu yake haraka. Wanasayansi wakachunguza siri yake, na mwaka 1973 huko Uingereza Michael Elliott akatengeneza permetrini, dawa inayofuata mfano wa pareto. Dawa za ukoo huo ndizo zilizo katika vyandarua mnavyogawiwa. Kwa hiyo mama, chandarua ulichopewa ni mjukuu wa ua lililokuwa likilimwa huku kwetu. Kifunge katika mzigo wa kwanza. Na kisipelekwe ziwani kuvulia, kwa sababu dawa hizo, kama pareto yenyewe, zinaua samaki. Vivyo hivyo utupa, majani ambayo wazee walitumia kulevya samaki: ni majani tu, yameota yenyewe, lakini ni sumu. Yasiwekwe karibu na chakula wala kisima.

Makala. Kuni na makala ni vitu vya asili, hakuna anayebisha. Lakini mbabula ikiingizwa ndani ya hema la shitingi usiku wa baridi, inatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo inaua familia nzima ikiwa usingizini. Vibanda vya wapagazi vilikuwa vya majani, vilipumua. Shitingi haipumui. Pikeni nje, lala na mbabula nje. Kwa baridi, wekeni majani makavu ya ndizi chini ya mkeka. Baridi nyingi inatoka ardhini.

Jibu langu kwa yule mama

Mama wa Masisi, kama unanisikia, jibu langu limechelewa lakini hili hapa. Tandika kikwembe. Weka chumvi kwanza. Weka sukari kama ipo, sabuni, kiberiti ndani ya kitu kisichoingia maji, kisu, sufuria moja yenye kifuniko, maharagwe au karanga na ndagala wakavu, chandarua, na karatasi za watoto: za kuzaliwa, za chanjo, na kitambulisho chako. Dawa za mgonjwa wa nyumbani zikae juu kabisa. Mtoto mkubwa abebe bidoni safi, wa pili abebe mkeka. Ongea na majirani leo, wakati kuna utulivu, mjue nani atabeba panga na nani atabeba chungu kikubwa. Na mzigo usikuzidi nguvu; mtoto anayechoka njiani ni mzito kuliko sufuria.

Najua pia kwamba wengi wenu hamkupata hata dakika ya kufunga. Mwaka 2025, vita ilipoingia Goma na makambi yaliyokuwa yanazunguka mji yakaondolewa, wengine walifunga na kufungua mara tatu katika mwezi mmoja. Nimewaona mkirudi kwenye mashamba yasiyo na nyumba, mkibeba zile zile shitingi zilizochanika. Siwezi kuwaambia kwamba mzigo mzuri unazuia vita. Hauzuii. Ila usiku wa kwanza, pale ambapo msaada haujafika bado, kinachowalisha watoto na kuwakinga na kipindupindu ni kile mikono yako ilichokumbuka.

Mama yangu bado anaishi. Mlangoni kwake, nyuma ya kiti, kuna kikwembe kilichofungwa. Nilimuuliza kama anaogopa. Akanijibu: "Siogopi, mwanangu. Nimejipanga." Jioni ile nilirudi nyumbani, na mke wangu na mimi tukatandika kikwembe chetu. Tulianza na chumvi.

Kama una mzee nyumbani anayekumbuka vitu vingine tulivyobeba zamani, muulize leo, halafu tuletee jibu. Kwaherini, na Mungu awalinde njiani.